Mwanangu Jens, hilo jina lina mwenyewe

Mwanangu Jens,

Shikamoo yako ya kwenye simu nimeipata, marahaba. Sisi hatujambo. Mdogo wako ameng'oka jino la mbele na anadai alipwe. Mama yako amepanda sukumawiki kwenye kile kibustani chetu cha kukodi, konokono wameshakula nusu, nusu iliyobaki anailinda kwa tochi usiku kama askari wa benki.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wako wa Jumapili si wa kujibiwa kwa kidole gumba. Tena nimekumbuka kwamba nilisambaza barua za watu miaka tisa hapa Denmark, mjini Odense, na sijapata kumwandikia mtu wa nyumba yangu hata moja. Kiswahili chako cha kusoma kinakwenda mwendo wa kinyonga, najua. Soma polepole. Ukikwama mpigie mama yako, usinipigie mimi, maana mimi nitaanza kueleza upya na hutamaliza.

Umesema kocha mgeni alisoma orodha ya timu, akaita "Jens", ukanyoosha mkono, naye akaendelea kutazama nyuma yako akimtafuta huyo Jens. Wenzako wakacheka. Na wewe ukacheka. Kisha usiku ukaniandikia kwamba ukifika miaka 18 utabadili jina, uitwe Jabari, kwa kuwa Jens ni jina la Kizungu "nililokubandika".

Hilo neno kubandika limenikaa kooni. Kubandika ni kazi ya stempu. Nimeamua nikusimulie hilo jina limetoka wapi, halafu nikwambie na lile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Baada ya hapo ubadili au usibadili, mimi ni baba yako tu.

Tuanzie pale ulipolizoea. Unaijua ile nyumba ndogo ya njano kwenye kona, aliyozaliwa mwandishi H.C. Andersen, tulikopanga foleni na wageni wa Kichina siku ya mvua. Hiyo H ni Hans. Sasa kumbuka kibao cha uchochoro uliopo hapo: Hans Jensens Stræde. Mwaka wangu wa kwanza wa posta nilipita pale na mkokoteni kila siku na sikuona kitu. Nilikuja kuona siku moja nikipumzisha mgongo. Hans ni Yohana. Jens ni Yohana. Jensen ni mwana wa Jens. Kibao chote kinasema: Uchochoro wa Yohana mwana wa Yohana. Nilicheka peke yangu, bibi mmoja akafungua dirisha kuniuliza kama niko salama.

Tangu siku hiyo sikusambaza barua tena, nilikuwa nasoma masanduku. Jensen, Hansen, Johansen, Jens, Hans, Johannes, Johan, Jan, Johanne, na Hanne wa ghorofa ya pili mwenye paka. Kulikuwa na mtaa wenye akina Jens Jensen watatu, jina likawa halina kazi, unatazama ghorofa. Mpaka leo Jensen na Hansen, pamoja na Nielsen, ndiyo majina matatu ya ukoo yenye watu wengi kuliko yote Denmark. Kule Norwei Hansen ndiye anayeongoza. Nchi nzima zimejaa wana wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe, Yohana Mbatizaji, alikula nzige jangwani.

Jina zima, kama lilivyofika huku kwa Kilatini cha mapadri, ni Johannes. Kilatini kililipata kwa Wayunani, Ioannes, nao walilipata kwa Waebrania, Yohanan, maana yake Bwana amefadhili, Bwana amerehemu. Likamate hilo neno rehema, nitalirudia.

Sasa Johannes ni refu kwa mtu aliyeshika jembe kwenye baridi. Wakaligawana kama kuku wa sikukuu, kila nyumba na finyango yake. Waaisilandi walichukua upande wa kichwa, wakapata Jón. Wajerumani wa kaskazini, wale waliokuja na meli za biashara, walitupa kichwa wakabaki na mkia, Hannes, ukachemka mpaka ukawa Hans, na Wadenmark wakaupenda. Wadenmark wenyewe wakashika kichwa kwa mkono huu na mkia kwa mkono huu, wakaacha mgongo uanguke katikati: J, kisha ens. Huyo ndiye wewe. Waswidi wa kusini wakamwita Jöns. Watu wa visiwa vya Faroe wanamwita Jógvan, sauti ambayo mimi mdomo wangu umeikataa. Usiwashangae. Kwetu Abdallah alikuwa Dula na Mohamedi akawa Mudi, na hakuna aliyesema Dula si jina la Kiislamu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba vipande vilisahauliana. Jens na Hans walikua kila mtu na nyumba yake, mpaka mama wa Kidenmark akawa anaweza kuzaa wana wawili, mmoja Jens na mmoja Hans, bila kujua amemwita Yohana mara mbili. Kumbuka ule wimbo wa chekechea, wa mkulima mwenye shamba la ng'ombe na bata, uliotuimbia mwaka mzima mpaka jirani akagonga ukuta. Mkulima yule ni Jens Hansen. Yohana mwana wa Yohana tena, safari hii na bata.

Halikuwa jina la kwao tangu mwanzo. Hapo ndipo nataka usikilize kwa masikio yote mawili. Jiwe la Jelling mlilopelekwa na shule ukarudi umepoteza kofia, lile ambalo mfalme Harald aliandika katika karne ya 10 kwamba amewafanya Wadenmark kuwa Wakristo, ukilisoma hukuti Yohana hata mmoja. Unakuta Harald, Gorm, Tyra. Wenyewe walikuwa akina Svend, Knud, Toke. Mji wenyewe tunaoishi, Odense, unabeba jina la mungu wao Odin, ni mahali pake patakatifu. Yohana alikuja na wageni, kwa lugha ya wageni, akiwa na kitabu cha wageni. Huwezi kukosea ukisema kwamba kuna mzee wa Odense aliyeambiwa mjukuu wake ataitwa Johannes akatema mate pembeni.

Na jina halikuingia haraka. Wafalme waliendelea kuitwa Knud na Valdemar na Erik kwa mamia ya miaka, huku Yohana akipenya kwa mlango wa nyuma: mapadri, watawa, watoto waliozaliwa karibu na sikukuu yake. Mtu wa zamani ninayempenda katika hao ni Jens Grand, askofu mkuu wa Lund. Mfalme Erik Menved alimfunga gerezani mwaka 1294, mwaka uliofuata akatoroka. Kwenye nyaraka za Kilatini ni Johannes, midomoni mwa watu ni Jens. Karatasi inasema hivi, jiko linasema vile. Wewe na mimi tunaijua hali hiyo vizuri. Baadaye akatokea hata mfalme, kuanzia 1481, aliyeitwa Hans hapa Denmark, na alipoitawala Uswidi kwa miaka michache Waswidi wakamhesabu kuwa Johan wa Pili. Mtu mmoja, taji mbili, majina mawili, na hakuna kocha aliyetazama nyuma yake.

Aisilandi ndiko lilikoshika kuliko kote. Mwaka 1703 walihesabu watu wote wa kisiwa, kichwa kwa kichwa, 50,358, na jina la kiume lililoongoza lilikuwa Jón. Wana msemo kwamba Jón na Mchungaji Jón si kitu kimoja, wakimaanisha vyeo hubadilisha mizani. Nilimsimulia babu yako akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu amekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na anazijua hizo mizani. Tena Waaisilandi wanataja majina kama sisi. Hawana ukoo wa kugandishwa. Jón mwana wa Sigurður ni Jón Sigurðsson. Walikuwa na waziri mkuu mwanamke kuanzia 2009 hadi 2013, Jóhanna Sigurðardóttir, yaani Jóhanna binti Sigurður. Ungemweka kwetu Usa River, Tanzania, angejiandikisha shuleni bila kuulizwa swali. Denmark nayo ilikuwa hivyohivyo. Jens akizaa, mtoto ni Jensen. Jensen huyo akiwa Peder, mtoto wake ni Pedersen, basi. Mwaka 1828 serikali ikaagiza kila familia ishike jina moja lisibadilike, ndiyo maana leo una akina Jensen maelfu kwa maelfu ambao baba zao si Jens. Mimi nilipofika na majina yangu matatu, langu, la baba na la ukoo, ofisi moja ilikaa nayo wiki sita ikitafuta lipi ni lipi. Nilitamani kuwaambia: ulizeni babu zenu.

Kuna jambo jingine la Aisilandi siwezi kuliacha, ingawa linatoka nje ya njia. Inasimuliwa kwamba Jón Ögmundsson, aliyekuwa askofu wa Hólar kuanzia 1106, alichukizwa na siku za wiki kubeba majina ya miungu ya kale. Hapa kwetu Denmark bado zinabeba: onsdag ni ya Odin, torsdag ni ya Thor. Huko Aisilandi siku hizo zikafutwa majina. Alhamisi yao inaitwa fimmtudagur, siku ya tano. Na Alhamisi yetu, kwa Kiarabu, ni hiyohiyo, ya tano. Basi Mwaisilandi na muuza kahawa wa Tanga wanakubaliana na Mdenmark hayumo.

Ufini walilipika kwa njia yao mpaka hulitambui: Juhani, Juho, Juha, Jukka, Jussi, Janne, Hannu. Mtunzi wao mkubwa wa muziki, Sibelius, alibatizwa Johan, nyumbani wakamwita Janne, halafu kijana akakuta kadi za jina za ami yake aliyekuwa nahodha, aliyekuwa akijiandika Jean kwa Kifaransa, akazipenda, akawa Jean Sibelius. Unaona? Hata yeye alibadili jina ujanani. Alitoka kwa Yohana akaenda kwa Yohana akapita kwa Yohana. Na Waswidi, kwa kukosa mrithi, walimleta mwanajeshi Mfaransa aitwaye Jean-Baptiste Bernadotte, yaani Yohana Mbatizaji kabisa, akawa mfalme wao 1818 kwa jina la Karl Johan. Barabara kuu ya Oslo ina jina lake. Uyoga mmoja mtamu wa porini pia, na ukiniuliza mimi, ni heri uyoga.

Umenikumbusha na sikukuu. Malaika alimwambia Mariamu kwamba Elisabeti yuko mwezi wa sita, kwa hiyo kanisa likapiga hesabu: Krismasi ikiwa tarehe 25 Desemba, Yohana alizaliwa nusu mwaka nyuma, tarehe 24 Juni. Na kwa kuwa Wadenmark hawawezi kuisubiri siku yenyewe, wanasherehekea jioni ya kuamkia, tarehe 23, kama wafanyavyo Krismasi. Sankt Hans. Mtakatifu Hans! Miaka yote ile tulikaa ufukweni na soseji, tukitazama moto na yule mwanasesere wa mchawi akiungua, wewe ukililia apunguziwe adhabu, na sikukwambia kwamba ule moto ni wa somo yako. Norwei wanauita usiku huo pia jonsok, kesha la Jon. Aisilandi ni misa ya Jón, na wazee wao walisema usiku huo ng'ombe husema na umande hutibu, watu wakajigaragaza uchi nyasini. Ufini ni juhannus. Hata kimulimuli, kwa Kidenmark, ni mdudu wa Sankt Hans. Nakuambia, ukianza kulifuata hili jina hulali.

Sasa nirudi ulikozaliwa.

Ilikuwa Februari 2009. Mama yako alitaka Baraka, na hakuwa peke yake: Obama alikuwa ameapishwa mwezi uliotangulia na kila Baraka wa Afrika Mashariki alitembea kifua mbele. Lakini kwetu Meru mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la baba wa baba yake. Hilo halijadiliwi. Wewe ulikuwa Yohana kabla hujapata miguu. Hapa sheria inawapa wazazi miezi sita kumpa mtoto jina, nami niliitumia karibu yote, nikizunguka na karatasi mfukoni kama mtu anayedaiwa.

Pale posta nilifundishwa kazi na mzee mmoja mwenye mabega mapana. Yeye ni Jens. Nikamweleza tatizo langu, kwamba mtoto ni Yohana lakini sijui aandikwe vipi huku. Akaniuliza Yohana ni nani. Nikamwambia, yule aliyembatiza Yesu. Akacheka. "Ndiyo mimi," akasema. "Bibi yangu akikasirika alikuwa ananiita Johannes." Nikasimama na rundo la barua mkononi. Siku nzima nimekaa na Yohana chumba kimoja, tunagawana kahawa, na sikujua.

Nikaandika Jens. Kisha nikampigia babu yako kwa kadi ya vocha, ile ya kukwangua namba. Nikamwambia mjukuu wako anaitwa Jens. Kimya. Halafu akasema: "Jensi? Katika jamaa zetu hakuna mtu wa jina hilo." Nadhani hakujua alichokuwa amekisema. Ni maneno yaleyale majirani waliyomwambia Elisabeti alipotaka mwanawe aitwe Yohana, mpaka Zakaria, ambaye alikuwa bubu kwa kutoamini, akaomba kibao akaliandika. Na katika Kurani, sura ya Maryam, Mungu anamwambia Zakaria kwamba kabla ya Yahya, ndiye Yohana huyohuyo, hakumpa mtu jina hilo. Vitabu vyote viwili vinakumbuka kwamba jina hili lilipoanza lilikuwa geni hata nyumbani kwake. Ndiyo maana Mzee Yahya wa duka la misumari humwita babu yako "somo", nawe ukiwa mdogo ulidhani ni jina lake.

Nikamjibu, "Baba, ni wewe. Jens ni Yohana." Akanyamaza tena, dakika zinakwenda. Kisha akauliza, "Hiyo herufi ya kwanza wanaitamkaje?" Nikasema, wanaitamka "ye", Yens. Akasema, "Aa," na salio likaisha.

Kumbuka pia kwamba kwa babu jina lilikuja na meli. Wamisionari wa Leipzig walijaribu kuingia Meru mwaka 1896, wawili wakauawa pale Akeri. Wakarudi 1902 wakajenga Nkoaranga, na ni katika kanisa hilo ambamo babu yako, akiwa kijana wa kuchunga mbuzi, aliingia na jina la nyumbani akatoka Yohana. Mama yake alikataa kulitamka miaka miwili. Hili alinisimulia mwenyewe, tukichuma kahawa, kama kichekesho.

Hiyo ndiyo nusu niliyomwambia babu. Nusu ya pili sijaisema kwa mtu, hata mama yako, ingawa yeye nadhani anajua.

Kabla ya posta niliandika barua za kuomba kazi zaidi ya thelathini, zikiwa na jina langu lote juu, Elirehema. Nilijibiwa tatu. Mahali nilipopata kazi ya usafi msimamizi alilitazama akasema atanifupishia, niitwe Eli. Baadaye Mnorwei mmoja akaniambia Eli kwao ni jina la mwanamke. Nikalivaa hivyohivyo, kodi ya nyumba haisubiri. Kwa hiyo nilipoandika Jens kwenye ile karatasi, mkono mmoja ulikuwa unamwandika baba yangu. Mkono wa pili ulikuwa unakuficha. Nilifikiri, huyu barua zake zitafunguliwa. Atakapoingia mlangoni watashtuka, lakini angalau mlango utakuwa umeshafunguliwa. Sikuwaza juu ya mtoto wa miaka 16 aliyenyoosha mkono uwanjani na mtu anatazama nyuma yake. Hilo ni kosa langu, nalisema kwa wino. Wewe ndiye unayelipa ule mshtuko, mimi nilikaa nyumbani nikijipongeza kwa ujanja.

Ila nikueleze na hili, maana nililigundua mwaka jana tu, na ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Eli, katika majina ya kwetu kama Elirehema na Elifuraha, ni Mungu, kwa Kiebrania. Wazee walichanganya Kiebrania cha mchungaji na Kiswahili cha nyumbani wakapata majina ambayo huyakuti sana nje ya Kilimanjaro, Meru na Upare. Elirehema: Mungu, rehema. Yohanan: Bwana amerehemu. Nikampigia babu usiku nikamuuliza, "Baba, uliponiita Elirehema, ulijua maana ya Yohana?" Akasema, "Sasa wewe ulidhani mchungaji alitufundisha nini miaka yote ile?" Akakasirika kidogo kwamba nimechukua miaka 46 kuuliza. Basi soma kitambulisho chako kwa utulivu: Jens Elirehema. Ni jina la babu yako mara mbili, mara moja kwa mdomo wa Kidenmark, mara moja kwa mdomo wa Meru.

Jabari ni jina zuri. Silipingi. Lina asili ya Kiarabu, lilikuja pwani kwa majahazi, na Al-Jabbar ni mojawapo ya majina 99 ya Mungu, kwa hiyo usije ukamwambia Mzee Yahya kwamba umetafuta jina lisilotoka ng'ambo, atakuchekea mpaka duka lifungwe. Kama ni Jabari, tutakaa mezani na kompyuta, mimi na wewe, tutajaza fomu, na sitanuna. Nikinuna, mama yako ana ruhusa ya kunitoa nje na konokono.

Na ukiamua kubaki Jens, siku nyingine kocha akitazama nyuma yako, huna deni la kucheka.

Tarehe 23 nitakuja kukuchukua kwa treni ya mchana, tuuwahi moto wa jioni. Usije na nguo chafu zote mara moja, leta nusu. Tiketi za Julai nimekwisha kulipa, tunatua Kilimanjaro asubuhi. Babu anauliza namba ya kiatu chako, amesikia miguu yako imekuwa mikubwa na anataka kukununulia gambuti za shambani.

Halafu kuna ile Biblia yake yenye jalada jeusi, ambamo kwenye ukurasa wa mbele ameandika wajukuu wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Shangazi yako amenitumia picha. Mstari wa kwanza una tarehe yako ya Februari 2009, jina langu kama baba, na sehemu ya jina lako iko tupu mpaka leo. Nilimuuliza sababu. Anasema hakujua aanze na J au na Y, na hakutaka kuchafua Biblia kwa kufuta. Kalamu anayo. Anasema atasubiri umwambie mwenyewe.

Baba yako,
Elirehema